Mguu wa Mwalimu Breki

Kuna watu wanaojulikana kwa sura, wengine kwa sauti, wengine kwa ubishi wao. Mume wa Mama Mapazia alijulikana kwa mguu wake wa kulia. Alikuwa mwalimu wa udereva, na karibu nusu ya walioshika usukani katika mji ule walipita mikononi mwake, wakiwemo hata wale wanaoendesha kama wamefukuzwa na nyuki, ingawa hao mwenyewe alikuwa akiwakana. Gari lake lilikuwa kama magari yote ya kazi ile: upande wa abiria nako kulikuwa na klachi na breki, ili mwalimu amwokoe mwanafunzi akizubaa. Sasa breki ile bwana yule aliikanyaga kwa moyo wake wote. Mwanafunzi akiona kitu mbele, kabla hajaamua kama ni kuku au mfuko wa plastiki, gari limeshasimama. Ndipo wakamwita Mwalimu Breki, na jina likamganda hivyo hivyo.

Mama Mapazia mwenyewe alimjua kwanza kama mwanafunzi wake. Wakati huo alikuwa msichana anayeanza kushona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake, akataka leseni ili aache kubeba majora ya vitambaa kichwani. Siku ya kwanza tu, kwenye mzunguko wa barabara, yule bwana alimkanyagia breki mara nyingi hata kitambaa alichojifunga kichwani kikamshukia machoni. Akakisukuma juu, akamgeukia.

"Samahani, mwalimu. Kwani gari hili anaendesha nani?"

"Unaendesha wewe, dada," akajibu bila hata chembe ya aibu. "Kusimamisha niachie mimi."

Leseni aliipata, na mwalimu akampata. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alipewa ile ya kwanza kwa masharti ya kumchukua wa pili, lakini hao ni wale walioshindwa mtihani.

Katika ndoa ndipo akagundua kwamba mguu ule haukuwa na saa za kazi. Wakipanda basi, ulikuwa unakanyaga sakafu ya basi. Wakitazama televisheni, gari kwenye picha likikata kona, mguu unagonga zulia, dab. Hata usingizini, blanketi lilikuwa likipigwa teke saa yoyote, na ukimuuliza atakuambia kuna mtu alivuka bila kutazama. Kila mwaka Mama Mapazia alipeleka viatu vya mumewe kwa fundi viatu, na kila mwaka hali ilikuwa ile ile: soli ya kulia imetoboka, ya kushoto inang'aa kama juzi imetoka dukani. "Mama," fundi alikuwa akimwambia, "mwambie mzee awe ananunua kiatu kimoja kimoja."

Yeye hakucheka. Alichoka nao mguu ule. Akiwa kwenye cherehani, anapitisha pindo refu linalotaka mkono mtulivu, akisikia dab kutoka sebuleni, sindano inaruka. "Huo mguu wako," alimwambia si mara moja, "ipo siku nitaufunga kamba." Na maneno huumba, hilo tusijidanganye.

Maana siku moja asubuhi mzee alikuwa akinyoa ndevu, wembe ukamponyoka, na alipotaka kuuliza umeangukia wapi ulimi ukawa mzito. Kiharusi. Kidogo, daktari alisema, na Mama Mapazia akawaza kwamba kidogo ni neno la mtu ambaye halimhusu. Lakini kweli kilikuwa kidogo. Ulimi ulirudi, na siku chache tu baadaye ukarudi na ubishi wake wote. Uso ulinyooka. Mkono ukashika kikombe, mguu ukatembea, kwanza kwa fimbo na kisha bila fimbo. Watu walipokuja kumjulia hali walisema mzee amepona, wakanywa chai, wakaenda zao.

Mke ndiye aliyejua kwamba hajapona. Nyumba ilikuwa kimya. Aliketi naye kwenye kochi, wakatazama magari yakifukuzana kwenye televisheni mpaka moja likaingia mtoni, na mguu wa kulia ukabaki pale ulipo, umetulia kama wa mgeni. Walirudi kwa daktari, akaligonga goti, akamwambia asukume, avute, azungushe. "Nguvu anazo," akasema. "Akiutuma mguu, unakwenda. Ule uharaka wa kwenda kabla haujatumwa, huo sina dawa yake. Huenda ukarudi, na huenda usirudi."

Sasa fundi wa mapazia akiambiwa hivyo atashukuru Mungu na kurudi kwenye cherehani. Lakini kwa mwalimu wa udereva, uharaka ule ndio kazi yenyewe. Mwenye chuo cha udereva, ambaye si mtu mbaya, alikuja nyumbani akasema kiti kitamngoja mpaka shule zifunguliwe, wanafunzi wapya watakapoandikishwa. Baada ya hapo itambidi atafute mtu mwingine. Mwalimu Breki akamshukuru, akamsindikiza mpaka nje. Kisha akarudi ndani akamwambia mkewe, "Mwalimu asiye na mguu ni abiria mwenye domo tu."

Wakaanza kujaribu uani. Mzee aliketi kwenye kiti cha kushoto cha gari lililozimwa, mlango wazi, akichungulia gazeti. Mama Mapazia alikuwa dirishani na cherehani yake, na kazi yake ilikuwa kupaza sauti ghafla, "Simama." Mguu ulikwenda. Kila mara ulikwenda. Lakini ulikwenda kama mwenye nyumba anayeuliza kwanza "nani?" ndipo afungue mlango.

"Nimechelewa?" alikuwa akiuliza.

"Kidogo tu, Mwalimu."

"Kidogo hicho ndicho kinachoua mtu." Halafu anarudi kwenye gazeti, na mke anarudi kwenye pindo lake, nalo linanyooka vizuri kuliko pindo lolote alilowahi kushona, na yeye anatamani kulia.

Hapo ndipo alipoingia Chiriku. Chiriku ni mjukuu wao, mtoto wa binti yao, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya mabawa. Kila likizo alikuja kukaa nao, na tangu zamani babu yake alikuwa amemwahidi kwamba siku meno yake ya mbele yatakapoota upya, atampeleka ng'ambo ya mpaka kwenye bustani ya michezo ambayo kila kitu chake kina umbo la mnyama. Lango lake ni mdomo wa mamba. Bembea zake ni flamingo. Chiriku aliiona mara moja kwenye televisheni na hakupata tena amani. Ahadi ni deni, na huyu alikuwa mdai asiyelala. Alipoteremka likizo ile, kabla ya salamu, alifungua mdomo akaonyesha meno mawili mapya, makubwa kuliko uso.

"Babu, yameota."

"Nayaona, mke wangu."

"Sasa?"

Babu akamtazama bibi. Ilikuwa rahisi kusema babu mgonjwa, ngoja mwakani. Mtoto angelia siku moja akasahau. Mwalimu Breki akafikiri kidogo, kisha akasema jambo ambalo Mama Mapazia hakulisikia tangu aolewe. "Bibi yako ataendesha."

Tuelewane. Mama Mapazia aliendesha gari karibu kila wiki, kwenda kwenye maduka ya vitambaa na kurudi. Lakini mumewe akiwemo ndani, ama mume ndiye aliyeshika usukani, ama mke aliushika na mume akasimamisha. Safari ya kuvuka mpaka, barabara kuu, milima, na kule ng'ambo magari hukaa upande wa kulia wa barabara, hiyo hakuwahi kuiota hata akiwa na homa. Alikubali kwa sababu moja, na hakumwambia mtu. Alitaka kukaa naye kwenye gari lile, siku nzima, barabara halisi, aone kama mguu utaamka. Kama ukiamka, mume wake atarudi kazini. Kama hauamki, basi na wajue, kuliko kuishi kwa kuviziana dirishani.

Waliondoka jua limechomoza, na mayai ya kuchemsha, mkate, na chai kwenye chupa. Gari lilikuwa lile lile la kufundishia, kwani jingine walikuwa nalo wapi? Juu ya paa kulikuwa na kibao kilichoandikwa MWANAFUNZI, kimeshikwa na skrubu zilizokula kutu tangu enzi na enzi, hakitoki. Basi kila gari lililowakuta nyuma liliwapa nafasi kubwa, na madereva wa malori waliwapita taratibu wakimtazama Mama Mapazia kwa huruma, bibi mzima mwenye mvi, miwani puani, mikono miwili kwenye usukani.

Mpakani afisa wa uhamiaji alizunguka gari, akasoma kile kibao, akainama dirishani.

"Mwanafunzi ni yupi hapa?"

"Ni huyu," Mwalimu Breki akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidole.

"Bado anajifunza?"

"Karibu miaka thelathini sasa. Ni mzito kidogo wa kuelewa."

Afisa akacheka mpaka muhuri ukakaa upande kwenye pasi. Mama Mapazia alimfinya mzee paja, lile la kulia, kwa nguvu zaidi kuliko utani ulivyotaka. "Aa, unaniumiza," akasema mzee, na mkewe akafurahi kwamba walau kuumia, mguu unaumia.

Ng'ambo wakahamia upande wa kulia. Ukiwa na gari lenye usukani kulia katika nchi inayokaa kulia, dereva unabaki umebanwa kwenye mtaro, na lori likikutangulia huoni kitu isipokuwa matako yake. Anayeona ni abiria wa kushoto. Kwa hiyo mzee akawa macho yake. Walikuwa nyuma ya lori la magodoro, na yeye akiegemea dirisha lake, akisema kwa sauti ile ya darasani ambayo Mama Mapazia aliisikia mara ya kwanza akiwa msichana: "Bado. Bado. Kuna basi linakuja. Tulia nalo lipite. Haya, sasa, nenda mama, nenda." Akaenda. Magodoro yakabaki nyuma. Wakapita na la pili, na la tatu, yeye akitia gia na mzee akimwonea njia, na Chiriku huko nyuma akiwaelezea habari za rafiki yake mmoja aliyemeza kifungo. Kwa muda Mama Mapazia alisahau alichokifuata. Alikuwa na furaha, basi.

Kisha, katika mteremko, trekta likachomoka kutoka barabara ya shambani, likaingia njiani bila kutazama huku wala kule.

Mama Mapazia alikanyaga breki yeye mwenyewe. Gari lilipiga yowe, chupa ya chai ikaruka chini ya kiti, mayai yakatawanyika, na Chiriku akanyamaza, jambo ambalo lenyewe lilitosha kumtia mtu hofu. Walisimama mbali kidogo na gurudumu kubwa la nyuma la trekta. Mwenye trekta aliinua mkono wa kuomba radhi, akaendelea na safari yake. Mama Mapazia hakulitazama hata trekta. Alitazama chini, upande wa kushoto. Kiatu cha kulia cha mumewe kilikuwa kimelala juu ya mkeka wa mpira, kando ya kanyagio lake, hakijasogea hata kidogo. Alipoinua macho, akamkuta mzee naye anakitazama kile kile.

"Umesimama vizuri," mzee akasema.

Katika maisha yao yote hakuwahi kumsifu udereva. Mkewe alikuwa ameingoja sifa hiyo tangu ujana, na ilipokuja, alitamani airudishe. Alijua ina maana gani, na mzee alijua kwamba anajua.

Wakakusanya mayai, wakaendelea. Mzee hakunyamaza kabisa. Bado alisema bado, bado, sasa, lakini alisema kama mtu anayesoma gazeti la jana. Chiriku aliposinzia, akasema taratibu, "Tukirudi nitakwenda kwa mwenye chuo. Ampe mwingine kile kiti. Si vizuri kumngojesha mtu bure."

"Tufike kwanza, Mwalimu," Mama Mapazia akasema. 

Basi wakafika. Nisiseme uongo, bustani ilikuwa nzuri kwenye televisheni kuliko kwa macho. Mamba wa langoni alikuwa ameng'oka meno mawili kama Chiriku alivyokuwa zamani, na mkata tiketi alivaa masikio ya sungura na uso wa mtu ambaye hakuyachagua. Mapipa ya taka yalikuwa vyura waliofungua midomo. Viti vya kupumzikia vilikuwa viboko. Kutoka kwenye spika simba alinguruma kila baada ya muda, na kwa sauti ile simba huyo alikuwa na mafua. Mtu anaweza kuuliza, akili gani hii ya kuvuka nchi kwenda kumwona tembo wa plastiki? Lakini Chiriku hakuuliza. Alibembea kwenye flamingo, akateleza kwenye shingo ya twiga, akazungushwa ndani ya konokono mpaka akatapika yai, kisha akataka tena.

Mwalimu Breki aliketi juu ya kiboko, mikono magotini, akitabasamu kila mjukuu alipompungia. Mama Mapazia aliketi karibu yake na mikoba. Alitaka kumwambia kwamba yeye hataki mguu, anamtaka mtu mzima mwenyewe, na mtu yupo, ameketi hapa. Ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini alimjua. Alimwona mzee atakavyokuwa mwakani, kila asubuhi na gazeti, akisikia magari ya chuo yakipita barabarani na mwalimu mwingine ndani, na akajua kwamba maneno yake hayatamfikia huko.

"Babu, twende kwenye kobe."

Kobe walikuwa vigari vya umeme vyenye gamba la plastiki ngumu, wakizunguka njia nyembamba yenye vichaka vya bandia. Mtoto alishika usukani, na kwa sheria ya pale kila mtoto alipanda na mtu mzima. Mama Mapazia akaanza kunyanyuka, mikoba na yote. Chiriku akamtazama kama anayetazama mtu aliyekosea mlango.

"Bibi, wewe ni mwanafunzi. Mwalimu ni Babu."

Mzee akasita, kisha akaenda. Kijana wa kike anayesimamia kobe, mwenye kofia ya gamba kichwani, akamsaidia kuingia na kumfunga mkanda. "Mtoto anakanyaga hapa kwenda, akiachia anasimama," akaeleza. "Wewe, mzee, kaa tu ufurahi. Upande wako huna la kufanya." Hakumaanisha ubaya. Mama Mapazia akiwa kwenye uzio alimwona mumewe akiitikia kwa kichwa, akavuta miguu yake ndani, akaiweka sambamba kama mtu aliyeambiwa akae sawa kupigwa picha.

Kobe akaondoka. Kama kobe wa kweli, hakuwa na haraka, lakini alikuwa mzito, na Chiriku alimkanyaga mpaka mwisho. Alizungusha usukani kwa mikono miwili, akaeleza kila alichokiona, akamgonga nyuma kobe wa mbele, akaomba radhi, akaendelea. Mzunguko wa kwanza ukaisha salama. Katika wa pili alimwona bibi yake kwenye uzio, akatoa mikono yote miwili kwenye usukani ampungie, mguu ungali umekanyaga.

Mama Mapazia aliona kabla yao. Mbele kidogo, mtoto mdogo sana, wa kutambaa juzi na kutembea jana, alikuwa ametoka kwenye kobe aliyesimama. Mama yake alikuwa anahangaika na mkanda wake mwenyewe. Kofia ya mtoto ilikuwa imeangukia katikati ya njia, naye ameifuata, ameinama, anajaribu kuiokota na vidole vinamkatalia. Mama Mapazia alifungua mdomo apige kelele ile ya dirishani, simama, simama, na sauti haikutoka. Msimamizi alikuwa amewapa mgongo. Mzee alikuwa akimtazama mjukuu wake, kwa pembeni, akicheka.

Kisha ukasikika mlio, kwaa, wa kitu kigumu kupasuka.

Kobe akasimama papo hapo, akatetemeka, mota ikinguruma kwa hasira, mpaka Chiriku kwa mshtuko akaachia kanyagio. Mtoto mdogo akaokota kofia yake, akaivaa kinyume, akamtazama kobe aliyekuwa karibu kumgusa. Mwalimu Breki alikuwa amekaa wima, mikono imeshika kingo za gamba, uso umeduwaa. Na chini ya tumbo la kobe, upande wa abiria, ulikuwa umetokeza mguu wa mtu. Suruali, soksi, na kiatu cha kulia kilichokanyaga ardhi kwa soli nzima. Mzee alikuwa ametoboa sakafu.

Watoto waliokuwa kwenye uzio walikuwa wa kwanza kucheka. Kobe ameota mguu, walisema, na wakubwa nao wakashindwa kujizuia. Mama wa mtoto alifika mbio akambeba mwanawe. Msimamizi naye alifika, kofia ya gamba imekaa upande.

"Mzee, umemfanya nini kobe wangu?"

"Nimekanyaga breki," Mwalimu Breki akasema.

"Upande huo hakuna breki."

"Najua, mwanangu," akasema, akiuchungulia mguu wake tunduni. "Najua kabisa kwamba hakuna."

Mama Mapazia alikuwa ameshapita chini ya uzio, umri na mikoba na yote, ameshapiga magoti kando ya kobe. Hakuuliza kama ameumia. Damu aliiona, mchubuko tu kwenye ugoko.

"Uliutuma?"

"Sikuutuma," mzee akasema. "Mtoto yule sikumwona hata vizuri. Nilikuwa nacheka na huyu. Nilisikia kitu kimegonga, nikajiuliza nani huyo, kumbe ni mimi."

"Ulikwenda wenyewe?"

"Ulikwenda wenyewe, mama."

Basi akalia. Mapazia yote aliyoyashona katika kimya kile, tabasamu zote alizowapa wageni waliosema mzee amepona, vyote vilimtoka pale chini, katikati ya vichaka vya plastiki, na simba mwenye mafua akinguruma juu yake. Alikuwa amepumua kwa shida miezi yote hiyo na hakujua, mpaka alipopumua sawasawa. Chiriku akamshika bega. "Usilie, Bibi," akasema, "kobe hana damu." Na hapo bibi akacheka na kulia kwa pamoja.

Mkuu wa bustani aliitwa, akaja amekunja uso, akatazama tundu, akaanza kusema habari za uharibifu. Lakini mama wa yule mtoto alimwahi, akamwonyesha kofia, akamwonyesha njia, akamwonyesha mwanawe mzima mzima, kisha akamshika Mwalimu Breki mkono asiuachie. Mkuu akakuna kichwa. Akasema kobe huyo kwa kweli alikuwa amezeeka. Walipomnasua mzee, Mama Mapazia alitoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha sampuli, cha pazia la mteja, chenye maua ya manjano, akamfunga ugokoni. Mzee alitoka langoni kwa mamba akichechemea na maua yake, akijiona bwana harusi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa msumbufu. Alikanyaga kwa ajili ya mbuzi aliyefungwa kamba. Alikanyaga kwa ajili ya kivuli cha mti. Lori la magodoro walilikuta tena, na akakanyaga kwa sababu godoro moja lilionekana kama linataka kuanguka. Kila mara gari liliruka, Chiriku akaenda mbele na kurudi nyuma, na Mama Mapazia akatia gia upya. Jua lilikuwa bado juu walipofika mpakani. Kulikuwa na tuta, na kabla hajalifikia, dab, mzee akamkanyagia. Gari likazimika katikati ya njia. Nyuma yao magari matano yakaanza kupiga honi.

Yule afisa wa asubuhi akatoka kwenye kibanda chake, akainama dirishani. "Mama, bado hujafaulu?"

Mama Mapazia akaachia usukani. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akamgeukia mumewe. Maneno makali yalikuwa yamemjaa mdomoni, yale ya miaka yote, ya kamba na ya sindano iliyoruka, na alipoyatafuta hakuyapata.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Kwani gari hili anaendesha nani?"

Mzee alikuwa akitazama mbele, mikono magotini, maua ya manjano yakichungulia chini ya suruali. Mguu wa kulia ulikuwa bado juu ya breki.

"Unaendesha wewe, dada," akasema. "Kusimamisha niachie mimi."

Mama Mapazia akamwachia. Akawasha gari, akaingiza gia ya kwanza, wakavuka tuta pole pole, wakarudi upande wa kushoto wa barabara kuelekea nyumbani.